Unga wa Magoti wa Mama Kiarie

Watu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, walimwita daktari wa mifupa, na kila mara alilazimika kuwasahihisha. Aliyevunjika mguu hupelekwa kwa wale wenye plasta na skrubu. Yeye, Asenath Wanyonyi, alikuwa bingwa wa homoni, na kazi yake ilikuwa kuuliza swali linalofuata: kwa nini mfupa wa mtu mzima uvunjike kwa sababu amepiga chafya?

Alizaliwa hapo hapo Mbotela, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye chumba kimoja na jiko. Baba yake alikuwa ametoka Bungoma, akafanya kazi miaka ishirini na minane katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Mama yake aliugua figo Asenath akiwa darasa la tano, akalala kitandani mwaka mzima, kisha akafa. Mwaka huo wote, mtu aliyemchana Asenath nywele na kumpikia uji kabla ya shule alikuwa jirani wa mlango wa tatu, Waringa, ambaye kila mtu alimwita Mama Kiarie kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ndiye pia aliyemwita kando baadaye akamweleza mambo ya kuwa msichana mkubwa, mambo ambayo Mzee Wanyonyi alikuwa akiyakwepa kwa kujifanya anasikiliza redio.

Asenath alisoma, akawa daktari. Alipokwenda kusomea ubingwa alichagua homoni na magonjwa ya mifupa kwa sababu hakuna mwenzake aliyeyataka. Walimcheka, wakasema mgonjwa wa namna hiyo hafi haraka wala haponi haraka. Alijibu kwamba yeye hana haraka. Siku nne za wiki alikuwa katika hospitali kubwa mjini. Siku ya Alhamisi alifungua kliniki katika ukumbi wa kanisa moja Mowlem, karibu na alikoishi, akisaidiwa na muuguzi mmoja mtulivu aliyeitwa Johnson.

Hapo ndipo Aoko alipomfikia, mwezi wa pili. Alikuwa mama wa miaka arubaini na mitatu, anayefulia watu nguo katika mtaa wa Umoja. Aliingia akishika ukuta.

"Niliinua karai tu, daktari," alisema. "Halikuwa hata na maji mengi. Nikasikia kitu kimelia mgongoni, kwaa! Tangu siku hiyo siwezi kuinama."

Asenath alimtazama. Uso ulikuwa umejaa na kuwa mviringo, lakini mikono na miguu ilikuwa myembamba kama ya mtoto. Chini ya ngozi ya mikono damu ilikuwa imevilia hapa na pale, na tumboni kulikuwa na michirizi ya zambarau, mipana kama kidole.

"Ulianza kunenepa lini?"

"Mwaka juzi hivi. Majirani wanasema nimenona. Wanasema mzee ananitunza." Aoko alicheka kidogo, kisha maumivu yakamkatiza.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea kama kopo lililokanyagwa.

"Unakunywa dawa gani?"

"Sinywi dawa. Ni miti shamba tu. Ule unga wa magoti."

"Unaupata wapi?"

"Mbotela. Kwa Mama Kiarie."

Asenath alimwomba arudie jina hilo, na Aoko akalirudia.

Wiki iliyofuata Aoko alileta unga wenyewe, wa rangi ya udongo, katika mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo. Asenath aliupeleka maabara kwa mtu waliyesoma naye. Majibu yalikuwa mafupi. Yalikuwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na vidonge vya steroidi, dawa kali ya homoni. Kijiko kimoja cha unga huo kilikuwa na kipimo ambacho yeye mwenyewe angempa mtu kwa siku chache tu, tena kwa hofu.

Aliijua dawa hiyo vizuri. Siku ya kwanza maumivu yanaisha, mtu anasimama na kumshukuru Mungu. Akiendelea nayo mwaka au miaka miwili, mifupa inaliwa kimya kimya kutoka ndani, haiumi, mpaka siku inapovunjika. Na kuna jambo lingine baya zaidi. Juu ya kila figo mtu ana tezi ndogo inayotengeneza homoni ya namna hiyo, ile inayomfanya astahimili homa, njaa na hofu. Dawa inapoingia kila siku kutoka nje, tezi hizo zinalala. Mtu akiiacha dawa ghafla, mwili unaitafuta homoni yake na kukuta haipo. Anatapika, presha inashuka, na katika siku chache anaweza kufa.

Kufikia mwezi wa nne Asenath alikuwa amewapata kumi na mmoja kama Aoko na kuwaanzishia vidonge vya hospitali. Wote walitaja jina moja.

Alikwenda Mbotela Jumamosi mchana. Mama Kiarie alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, na alipoinua uso Asenath aliona mashavu yaliyojaa, nundu ndogo ya mafuta nyuma ya shingo, na damu iliyovilia kwenye mikono. Alikuwa amekula pamoja na mama huyu Krismasi iliyopita, akafurahi kwamba anaonekana ana afya. Yeye, bingwa wa ugonjwa huo, alikuwa amemtazama kwa saa tatu nzima na hakuona kitu.

"Ase, kwani hujui kukaa? Kaa kwanza. Chai iko."

"Mama Kiarie, ule unga unatoka wapi?"

"Wa magoti? Kuna mtu anaitwa Kivuva, ananiletea kwa ndoo. Anasema babake alikuwa mganga huko kwao. Kwani nani amekuambia?"

"Una dawa ya hospitali ndani yake. Nimeupeleka maabara."

Mama Kiarie aliacha kuchambua. "Nani alikutuma uupeleke?"

"Watu wanavunjika migongo, mama."

"Watu wanavunjika kwa sababu wamezeeka na wanabeba maji. Mimi mwenyewe naula huo unga mwaka wa sita. Ningewapa watu sumu huku nailamba?" Sauti yake haikupanda. "Kabla ya huo unga nilikuwa nashuka kitandani kwa magoti na mikono, kama mtoto. Nilikwenda hospitali yenu. Nikapewa vidonge vya maumivu na nikaambiwa nirudi baada ya miezi minane. Wewe ulikuwa masomoni. Sikukulaumu. Lakini usije sasa kuniambia naua watu."

Asenath aliinama mbele yake. "Sikuambii uache leo. Ukiacha leo ghafla unaweza kufa, wewe na wao. Nataka majina ya wanaoununua. Nitawapa vidonge safi, niwapunguzie pole pole, mwezi kwa mwezi, mpaka miili iamke. Na wewe kwanza."

"Nikuandikie majina ya watu wangu, ili kesho waje kunishika?"

"Hakuna atakayekushika. Nakuahidi."

Mama Kiarie alirudi kwenye maharagwe yake. Alisema angefikiria. Asenath alirudi mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa mama bado anafikiria.

Katikati ya mwezi wa tano Roseline, mwanakwaya wa kanisa lile lile la Mowlem, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alilazwa siku tisa, damu ikaganda mguuni, ikapanda hadi mapafuni, akafa akiwa anaongea na dada yake kuhusu sare za kwaya. Katika mkoba wake kulikuwa na fundo la unga.

Asenath alizika pamoja na wengine, akarudi nyumbani, akaandika barua kwa ofisi ya serikali inayosimamia dawa. Ilikuwa na kurasa mbili. Katika ukurasa wa kwanza alieleza unga ulivyo, mahali unapouzwa na majibu ya maabara. Katika ukurasa wa pili alieleza kwamba unga usiguswe hata chembe mpaka wanunuzi wote wapatikane, kwa sababu kuuzuia ghafla kungeua watu, na akaomba kikao. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuanza na ukurasa wa pili.

Hawakumwita kwenye kikao. Jumanne moja asubuhi magari mawili yaliingia Mbotela, yakifuatwa na mtu wa kamera. Walibeba ndoo nne kutoka chini ya kitanda cha Mama Kiarie, wakampandisha mwenyewe gari bila viatu. Kivuva alikuwa amezima simu kabla ya saa sita.

Johnson ndiye aliyempigia Asenath. "Daktari, wamemchukua yule mama wa unga. Iko kwenye simu za watu wote."

Alifika kituo cha polisi alasiri, na vidonge mkobani. Askari aliyekuwa kwenye dawati la ripoti alimsikiliza kwa adabu.

"Mimi ni daktari wake," Asenath alisema. "Lazima ameze hivi leo. Vidonge viwili tu."

"Madam, huyu ameshikwa kwa kuuza dawa feki. Sasa mimi nimpelekee dawa ndani ya seli?"

"Nitaandika. Nitasaini."

"Hata yeye watu walikuwa wanamwita daktari," askari alisema, akageukia mtu mwingine.

Mkuu wa kituo hakuwepo. Jumatano Mama Kiarie alifikishwa mahakamani, na upande wa mashtaka ukaomba siku tatu zaidi za uchunguzi. Asenath alikaa benchi la nyuma. Mama Kiarie alisimama kizimbani akishika mbao kwa mikono miwili, midomo mikavu, na hakugeuka kutazama nyuma. Asenath alimwandikia mkuu wa kituo barua nyingine, hii ya mistari mitatu, akamkabidhi karani wake. Usiku ule hakulala, na hakuna alichoweza kufanya.

Alhamisi saa mbili asubuhi askari wa kike alimpigia. Alikuwa ameikuta barua ile mezani. "Daktari, yule shosho wa unga ametapika tangu jana. Sasa hasimami. Wengine wanasema anaigiza."

Asenath alimkuta kwenye sakafu ya seli, ngozi baridi, macho yanaangalia pasipo kuona. Presha haikusikika vizuri. Alimchoma sindano ya homoni hapo hapo, akaweka mpira mshipani, akatundika maji ya chumvi kwenye chuma cha mlango. Baada ya nusu saa Mama Kiarie alifumba macho na kuyafumbua kama mtu anayeamka. Askari wawili walimshika kwapani kumwinua kumpeleka kwenye gari. Asenath alipiga kelele wamlaze, wasimwinue hivyo, lakini walikuwa wamekwisha kuinua, na mama akatoa sauti fupi. Pingili tatu zilivunjika hapo. Eksirei ilithibitisha jioni.

Ijumaa asubuhi alikuwa na fahamu kamili katika wodi. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Uliniambia hakuna atakayenishika."

"Nilisema hivyo."

"Haya."

Asenath alivuta kiti karibu na kitanda. Alikaa. Muuguzi alikuja akabadilisha chupa ya maji, akaenda. Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wakinywa uji.

"Mama Kiarie, wengine wako nje. Leo ni siku ya nne hawana unga. Wanatapika kama wewe, na hawajui ni nini."

Bila kugeuka, mama alisema, "Andika."

Alitaja watu sitini na watatu. Hakuwa na daftari. Wote walikuwa kichwani. Alisema: Mama Eve, pale Mbotela, mlango wenye pazia la kijani, goti la kushoto. Mzee Wamalwa, mshona viatu, karibu na shule, kiuno. Mabinti wawili wanaouza mitumba, wanakula unga ili wanenepe, nimewakataza wakakataa. Alijua nani ana ngazi za kupanda, nani haonekani mchana kwa sababu ya vibarua, nani mwenye mke asiyejua. Alinyamaza mara mbili kuvuta pumzi kwa sababu ya mgongo, na mara zote mbili Asenath alisubiri kalamu ikiwa juu ya karatasi. Asingeweza kupata orodha kama hiyo katika ofisi yoyote.

Alitoka na Johnson na wahudumu watatu wa afya wa mtaa. Waligawana majina. Siku ile na iliyofuata walipiga hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Mama Eve walimkuta ameketi sakafuni na hawezi kusimama. Alimeza vidonge akiwa ameshikiliwa. Mzee Wamalwa alikuwa mzima, kwa sababu alikuwa ameficha mafundo mawili chini ya godoro. Mabinti wa mitumba walikana kwamba wanaujua unga huo, wakamfuata Asenath hadi barabarani na kuchukua vidonge huko, mbali na masikio ya watu.

Jina la hamsini na nane lilikuwa Nyongesa, kibarua katika kiwanda cha mabati, mkazi wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Asenath alilichukua yeye mwenyewe kwa kuwa alikuwa akijua njia. Alifika Jumamosi alasiri. Nje ya ploti ya vyumba vya kupanga kulikuwa na viti vya plastiki na turubai, na wanaume wameketi. Alielewa kabla hajauliza.

Mjane aliitwa Triza. Alikuwa ndani, amevaa kanga mbili, na alimkaribisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwakaribisha wengi. Alieleza kwamba mume wake alianza kutapika Jumatano. Walidhani ni maharagwe ya kibandani. Alhamisi alikwenda kazini hivyo hivyo, kwa sababu usipofika lango la kiwanda saa kumi na mbili nafasi yako inachukuliwa. Akaanguka huko. Wakamrudisha kwa mkokoteni. Alfajiri ya leo alikata roho.

"Alikuwa anakula unga wa mgongo," Triza alisema. "Alikuwa anabeba mabati, na ule unga ulikuwa unamsaidia. Wiki hii hakuupata. Wewe ni daktari. Ni ule unga uliomuua?"

Asenath angeweza kusema ndiyo, na lingekuwa neno la kweli kwa namna fulani. Alimweleza yote. Alimweleza kuhusu tezi zilizolala, na kuhusu kuacha ghafla.

Triza alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo angeupata Jumatano, leo angekuwa hai."

"Ndiyo. Leo angekuwa hai."

"Na nani aliuzuia?"

"Serikali ndiyo iliyoubeba. Lakini aliyewaandikia ni mimi."

Triza hakulia wala kumfukuza. Aliinuka akaenda nje kuwaambia wanaume jambo fulani, na hakurudi ndani. Asenath alikaa peke yake na vyombo vya nyumba ile kwa dakika kadhaa, kisha akatoka. Wanaume walimpisha njia. Yalikuwa yamebaki majina matano.

Katika watu sitini na watatu walikufa watatu: Nyongesa, na wanawake wawili wa Mbotela waliopelekwa hospitali wakiwa wamechelewa. Wengine waliandikishwa Alhamisi ukumbini, na foleni ikawa ndefu hadi ngazi za nje. Ile ofisi ilitoa taarifa kwamba imevunja mtandao wa dawa feki katika mitaa ya Eastlands. Asenath alijibu kwa barua iliyoanza na idadi ya waliokufa. Alipata majibu ya mstari mmoja kwamba barua imepokewa.

Alikwenda Kimilili, kwao Nyongesa, kumzika. Hakuna aliyemwomba aseme neno, naye hakuomba. Kaka wa marehemu alimuuliza kama ndiye yule daktari. Alikubali, na kaka akaondoka akaketi upande mwingine wa kaburi.

Mama Kiarie alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili. Mgongo wake uliinama, akapungua urefu kwa upana wa kiganja, na magoti yakarudi kuuma kama zamani. Kivuva hakupatikana. Kabla ya mwaka kuisha Aoko alimwambia Asenath kwamba Mowlem sasa kuna unga mwingine, mweusi, unauzwa na mtu anayepita na pikipiki, na kwamba yeye amejaribiwa kuununua mara mbili, kwa sababu kufua amekwisha kushindwa na maumivu hayapungui kwa vidonge vya mifupa.

"Uliununua?"

"Bado," alisema Aoko.

Mama Kiarie alikuja kliniki kila mwezi, akiletwa na Kiarie, akakaa kwenye foleni kama wengine. Alimwita Asenath "daktari". Alijibu maswali yote aliyoulizwa na hakuuliza yoyote. Asenath alimpunguzia vidonge robo kwa robo, kwa miezi kumi na minne, kisha akamfanyia kipimo cha asubuhi kuona kama tezi zimeamka. Alikirudia baada ya miezi mitatu. Hazikuwa zimeamka.

"Maana yake ni nini?" Mama Kiarie aliuliza.

"Maana yake utameza vidonge hivi kila siku. Ukiwa na homa unaongeza. Ukikosa siku mbili, unaletwa hapa mbio."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, mama."

Mama Kiarie aliegemeza mikono juu ya fimbo. "Basi niandikie vya miezi mitatu," alisema. "Mgongo huu hauwezi kuja hapa kila mwezi."

Asenath akaandika vya miezi mitatu, akamwita aliyefuata.